Nta ya Shavu la Kushoto

Wiki iliyopita Neema alinitumia ujumbe kwenye simu. Neema ndiye anayeshika funguo zangu siku hizi, yaani funguo za lile jumba dogo la vitu vya kale pale Ufukoni, nilikofanya kazi mpaka nikastaafu. Aliandika hivi: "Shikamoo mama. Kuna mtaalamu amekuja kutusaidia kusafisha vitu. Amesoma kadi ya lipiko, amekuta umeandika kwamba nta ya usoni si ya asili. Anasema tuitoe ili kinyago kirudi kwenye hali yake. Halafu shavu la kushoto lina alama ya kidole, anasema huo ni uzembe wa fundi. Tuitoe Jumatatu?"

Nikamjibu neno moja: "Subirini." Nilipoweka simu chini nikaona neno moja halitoshi. Ndiyo maana nimekaa barazani kwangu na daftari, miwani puani, namwandikia yeye na wenzake watatu walioajiriwa pamoja naye. Someni yote, wanangu. Najua vijana mna tabia ya kurukia ukurasa wa mwisho. Mkiruka hapa, mtabandua kitu ambacho hakuna fundi duniani atakayekirudisha.

Mimi ni Mpare wa milimani. Kwetu tunatamba kwa tangawizi na kesi, na bahari niliijua kwa picha za vitabuni. Barua ya serikali iliponileta Mtwara, mama yangu alinifungia kibaba cha maharage kwenye kitambaa kama ninayekwenda nchi isiyo na chakula. Nikaambiwa ni mwaka mmoja tu, halafu nitahamishwa. Huo mwaka mmoja ndio huu ninaozeekea, nina nyumba, nina mikorosho minne, na nikienda kwetu Same wananiambia nimeanza kuongea kama mtu wa Kusini. Sijutii hata kidogo.

Nilikuta vyumba vinne, paa linavuja kwenye viwili, na ndani yake dunia nzima imekaa bila kualikwa. Kulikuwa na vigae vya kaure ya Kichina vilivyookotwa ufukweni. Kulikuwa na dele la Kiarabu la kahawa, shanga za kioo kutoka India, sahani za Kizungu zenye maua mekundu, saa ya Kijerumani iliyogoma saa nne na robo, na mlango mzima wa nakshi uliong'olewa kwenye nyumba iliyobomoka. Katikati yao ilikuwapo mitungi na vinyago vya hapa hapa. Kila kitu kilikuwa na vumbi lake na kadi yake, na kadi nyingi zilisema "haijulikani".

Aliyejua alikuwa Mzee Issa. Kwenye barua ya ajira aliandikwa mlinzi. Alikuwa Mmakonde wa huku bara kidogo, mtu mfupi, kofia ya kufuma haimtoki kichwani, na alikuwa na desturi ya kunyamaza mpaka ukosee kwanza. Baadaye nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Ukimwambia ntu kabla hajakosea, anasahau. Akishakosea, hasahau." Kwa mtindo huo alinifundisha mambo mengi sana.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la mrashi. Kwenye kabati nilikuta chupa ya shaba, shingo ndefu nyembamba, mdomoni ina vitundu vidogo. Nikaizungusha, nikaiwaza, nikaandika kibandiko kwa mwandiko wa kujidai: "Chombo cha kumwagilia miche." Mzee Issa akakisoma kile kibandiko, akasema, "Mwandiko nzuri," akaenda zake. Sikukuu ya Idi wakaja akina mama wa mtaani na watoto wao. Nikasikia kicheko chumba cha pili, kicheko cha watu wanaoshikana mabega wasianguke. Mmoja, Bi Zuhura, akaniita akijifuta machozi.

"Mwanangu, hiki mrashi. Kinatiwa maji ya waridi, wageni wananyunyiziwa arusini na maulidini. Kwenu mnamwagilia miche kwa maji ya waridi?"

"Kwetu miche inamwagiliwa kwa mfereji," nikasema.

"Basi hiyo miche haina bahati."

Tangu siku ile sikuandika kibandiko cha kitu chochote kabla sijakipeleka kwa mtu ambaye bibi yake alikitumia. Vitabu nilivisoma, ndiyo. Lakini kitabu kitakwambia shaba hii imetoka wapi. Bi Zuhura atakwambia inashikwa kwa mkono gani na nani ananyunyiziwa kwanza.

Kosa jingine ni la buli. Nililiinua kwa kushika sikio, kama mnavyoinua buli la chai nyumbani. Sikio likabaki mkononi, buli likabaki mezani, ashukuriwe Mungu halikuanguka. Kumbe lilikwisha kuvunjika miaka mingi nyuma na fundi fulani akaligandisha kwa gundi. Kwa hiyo shikeni hili: kila sikio, kila mkono, kila shingo ya chombo cha kale, hesabuni kwamba imeshavunjika mara moja kabla yenu. Inueni kwa mikono miwili kutoka chini. Pete vueni. Mikono iwe mikavu. Na kabla hamjainua, jueni mnakwenda kukiweka wapi, maana vitu vingi havivunjwi na mtu mzembe, vinavunjwa na mtu aliyesimama katikati ya chumba anatafuta pa kuweka.

Walikuja pia waongo. Kijana mmoja alileta kinyago kimefungwa kwenye gunia, akaapa ni cha babu wa babu yake. Kilikuwa cheusi kinang'aa. Mimi nilishakaribia kukitolea machozi. Mzee Issa akakiweka puani, akanusa kama mtu anayenusa samaki sokoni.

"Babu yako alikuwa anavaa viatu?"

"Hapana mzee, enzi zile viatu vitoke wapi."

"Sasa dawa ya viatu kaitoa wapi?"

Yule kijana akacheka mwenyewe, akafunga gunia lake, akaomba maji ya kunywa. Vitu vya kale vinuseni. Mti uliokaa juu ya jiko miaka hamsini unanukia moshi hata ukiufungia kabatini. Na vigeuzeni, mtazame chini kwenye kitako, huko waongo huwa wanachoka.

Nisije nikawasahau watu wa kweli. Kule Mnazi Bay nilimkuta mama mmoja amefunika mtungi wake wa maji kwa kitako cha bakuli la Kichina, samawati na nyeupe, zuri mno. Nikambembeleza atupe. Akaniuliza, "Nikikupa, ntungi wangu nifunike na nini?" Nikarudi safari ya pili na kifuniko kipya cha bati. Akakitazama, akalitazama la kwake, akanirudishia changu. "Hiki kibaya," akasema. Na kweli kilikuwa kibaya. Nikanywa maji yake, nikaondoka na kifuniko changu kwapani. Yeye ndiye aliyekuwa mtunzaji bora kuliko mimi, maana bakuli la kwake lilikuwa bado kazini.

Sasa nifike kwenye lipiko.

Neema analijua, lakini wenzake wageni hawajui. Lipiko ni kinyago cha Kimakonde kinachovaliwa kichwani kizima kama kofia. Linachongwa kwa mti mwepesi, lina nywele za mtu wa kweli, na hili letu lina uso wa mwanamke mwenye ndonya, kile kipambo cha mti kinachotiwa kwenye tundu la mdomo wa juu. Vijana wakitoka jando, lipiko linatokea uwanjani na kucheza. Kwa mila ya zamani, wanawake na watoto hawatakiwi kujua kwamba ndani mna mtu. Kwao ni mfu aliyefufuka, na likiwakaribia wanakimbia.

Mzee Issa aliiheshimu mila hiyo mpaka ndani ya ofisi ya serikali. Wageni wakiingia na miongoni mwao kuna mwanamke, yeye ameshafika mbele, kitambaa cheusi cha kaniki juu ya lipiko. Siku moja nikamuuliza, "Mzee, na mimi je? Mbona mimi unaniachia nilifute vumbi?"

Akafikiri. "Wewe si nwanamke. Wewe serikali."

Nilikwenda kumsimulia mume wangu, akacheka hadi akakohoa. Kwa mwezi mzima nikirudi nyumbani ananiita serikali.

Lipiko hili alilichonga mzee mmoja aliyevuka Ruvuma na familia yake wakati wa vita vya ng'ambo. Akahamia Mpapura, akapanda mikorosho. Alipoona uzee umemshika alilileta kwetu mwenyewe, na kwenye kadi likaandikwa sharti lake: mtu wa nyumba yake akiomba kuliona, aonyeshwe. Picha iliyobandikwa kwenye kadi hiyo iliota ukungu wa hewa ya chumvi, huoni kitu ila kivuli.

Ijumaa moja, kabla ya mgeni mkubwa kutoka Dar es Salaam kufika kesho yake, nilishikwa na homa ya usafi. Nilitaka aone jumba linang'aa. Mzee Issa alikuwa kaenda msikitini. Nikalitazama lipiko, nikaona mashavuni na kidevuni kuna michirizi myeusi, imeinuka, imeshika vumbi na nyuzi za kaniki. Mtu wa hapa anajua mafuta ya ganda la korosho yalivyo: meusi, yananata, yakikushika hayatoki. Nikajiambia, hili lilikuwa kwenye nyumba ya mkulima, limedondokewa na mafuta ya korosho. Nikachemsha maji, nikachukua sabuni na mswaki. Palipogoma nikatumia ukucha. Yakabanduka kipande kwa kipande, upande huu mistari mitatu, upande ule mistari mitatu.

Hapo hapo nilipaswa kushtuka. Uchafu, wanangu, haukai kwa mpangilio. Ukiona uchafu umejipanga, weka mswaki chini ukamtafute mtu wa kumuuliza. Mimi sikushtuka. Nilikuwa naimba.

Mzee Issa akarudi na kanzu yake ya Ijumaa. Akasimama mlangoni. Akavua kofia, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Uso uko wapi?"

"Si huo hapo mzee, umetakata."

"Huo ubao," akasema. "Nauliza uso."

Akanieleza taratibu, na upole wake ulinimaliza. Ile haikuwa mafuta ya korosho. Ilikuwa nta ya nyuki iliyochanganywa na masizi, na ile mistari ndiyo chale za mtu. Mchongaji hachongi uso wa mwanamke yeyote tu, anaweka chale zinazojulikana. Bila zile chale, huyu hakuwa mtu.

Nilikimbilia nje nilikomwaga maji. Kuku walishafika. Niliokota chembe mbili, na moja ilikuwa punje ya mchanga. Nikaanza kujitetea, si unajua Mpare hakubali hukumu bila rufaa: hakuna aliyeniambia, kadi haisemi, mwanga mdogo. Mzee Issa akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha nikamuuliza kama anaweza kuirudishia.

"Nakumbuka ilikuwapo. Mpangilio sijui. Mie nilikuwa nafunika, sikuwa natazama."

Kesho yake mgeni mkubwa akalipita lipiko, akasema, "Hiki kimetunzwa vizuri sana." Sifa ile iliniuma kuliko tusi.

Ilipita kama miezi miwili. Akaja mwalimu mmoja wa kike kutoka Mpapura, mtoto wa watu, mpole. Akasema ametumwa na Bibi Anjelina, binti wa yule mchongaji. Bibi anapoteza macho, yote mawili yanaingia ukungu, na hospitali wamemwambia hawana la kufanya. Anaomba kuja kumwona mama yake kabla hayajafunga.

Nikasema, "Mama yake? Amezikwa huku Ufukoni?"

"Hapana. Yuko humu kwenu." Akaeleza: yule mzee alichonga lipiko kwa sura ya mkewe, na akampa chale zake. Mama huyo hakuwahi kupigwa picha hata siku moja. Hakuna sura yake mahali pengine popote.

Niliitikia kwa kichwa tu. Mwalimu alipoondoka nilikaa kwenye kiti. Nakiri kwenu kwa sababu nimestaafu na hamna la kunifanya: nilichukua karatasi, nikaandika barua kwamba lipiko limepelekwa Dar es Salaam kwa maonyesho, na tarehe ya kurudi haijulikani. Niliiandika vizuri, nikagonga mhuri. Nikampa Mzee Issa aifikishe.

Akaisoma yote. Akanirudishia. "Nzuri," akasema. "Sasa nenda Mpapura ukansomee mwenyewe. Yeye hawezi kusoma, macho mabovu."

Nikaichana.

Bibi Anjelina alikuja asubuhi ya Jumanne, amevaa khanga doti moja, rozari shingoni, anashikwa mkono na yule mwalimu. Mdomo wa juu ulikuwa na tundu lilipokaa ndonya zamani. Nilimpa kiti na soda. Mzee Issa alifunika lipiko kwa kaniki na kwenda kusimama mlangoni, ametupa mgongo.

"Shikamoo bibi."

"Malahaba, mwanangu. Wewe ndo unaemtunza?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi. Yote yakapotea. "Bibi," nikasema, "mama yako nimemfuta uso. Kwa maji ya moto na sabuni. Nilidhani ni mafuta ya korosho. Chale zake hazipo tena, na sijui zilikaaje. Nisamehe."

Yule mwalimu alitazama sakafu. Bibi akaweka soda chini, akaipapasa meza mpaka akajua imekaa sawa.

"Lete," akasema.

Nikalileta mwenyewe, serikali. Nikatoa kaniki. Akalipakata mapajani kama mtoto, akapitisha vidole mashavuni, akashuka kidevuni, akarudi mashavuni tena. "Laini," akasema. "Laini kama ya ntoto." Machozi yakamtoka bila sauti. Na mimi nililia, sikuona haya kulia wala sioni haya kuandika.

Halafu akaanza kusimulia, hata sijui kama alikuwa anatusimulia sisi. Akiwa msichana mdogo, kule ng'ambo, lipiko hili lilitoka uwanjani, na wanawake wote wakakimbia, naye akakimbia. Akageuza shingo mara moja tu. Akaona anafukuzwa na uso wa mama yake.

"Nae mama yuko kando yangu, kanishika nkono, anakimbia," akasema. "Anaukimbia uso wake mwenyewe. Tukafika ndani akaniuliza, umeona nini? Nikasema sijaona kitu. Akasema, vizuri. Basi. Sikuuliza tena mpaka akafa. Mie nimemkimbia, sijamtazama."

Ndipo mlangoni Mzee Issa akageuka. Alifanya hivyo polepole, akamtazama bibi usoni, jambo ambalo kwa adabu yake alikuwa hajalifanya tangu bibi aingie. Akasogea hatua mbili.

"Bibi. Chale zako wewe alikuchanja nani?"

"Fundi yuleyule wa mama. Mama alisema, nchanje kama mimi, nisije nikasahaulika."

Mimi nilikuwa nimemtazama yule bibi nusu saa nzima, na chale zake nimeziona, mistari yake mashavuni na kidevuni, nikazipita kama mtu anavyopita kibao cha njia asiyoijua. Yeye Mzee Issa alishaelewa. Akaenda kwenye sanduku lake la mlinzi, akatoa donge la nta lililofungwa kwenye jani kavu la mgomba. Alikuwa amelitafuta kwa ndugu zake tangu ile wiki ya kosa langu, akaliweka, hakuniambia. Akakwangua masizi kwenye sufuria yetu ya chai. Halafu akasimama na donge mkononi, amekwama.

"Lakini mbele yako siwezi," akamwambia bibi. "Wewe nwanamke. Lipiko halitengenezwi mbele ya nwanamke."

Bibi Anjelina akafuta macho kwa ncha ya khanga, akainua uso juu, akaugeuzia kwenye mwanga wa dirisha.

"Mie macho hamna, baba. Ukungu ntupu. Sioni kitu. Fanya."

Na Mzee Issa akafanya. Aliilainisha nta kwenye jua la dirishani, akaisokota kwa viganja ikawa nyuzi nyembamba, na kila uzi kabla hajaubandika aliutazama uso wa bibi, akautazama tena. Hakuna aliyezungumza, isipokuwa bibi mwenyewe.

"Hapo umepinda. Shusha kidogo."

"Bibi, si umesema huoni?"

"Sioni. Nasikia tu umepinda."

Yule mwalimu akatoka nje kucheka. Mzee Issa akashusha kidogo.

Adhana ya adhuhuri ilimkuta amebakiza mstari mmoja, wa shavu la kushoto, ule wa chini kabisa. Kwenye uso wa bibi mstari huo ulikwisha kumezwa na makunyanzi, hausomeki. Mzee Issa akaukodolea, akatikisa kichwa. "Huu siujui. Siwezi kubuni."

Bibi akanyoosha kiganja. Mzee akasita, kisha akamwekea ule uzi wa nta. Bibi akapapasa shavu lake mwenyewe kwa mkono mmoja, akautafuta mstari chini ya makunyanzi, na kwa mkono wa pili akaubandika kwenye shavu la lipiko, akaukandamiza kwa kidole gumba, kwa nguvu, mpaka nikaogopa mti utapasuka.

Kisha akaliinua akalileta karibu na uso wake, kiganja kimoja tu katikati, maana ndipo macho yake yalipokuwa yanaishia. Akalitazama muda mrefu. Mzee Issa alitazama dirishani.

"Mama," akasema, "leo sikimbii."

Jioni ile nilichukua kadi kuandika. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu la pili juu ya lipiko, na hili hakuna aliyelijua mpaka wiki iliyopita. Nilikuwa na aibu, nikaandika kifupi kadiri nilivyoweza: "Nta ya usoni si ya asili. Imewekwa upya baada ya kusafishwa kimakosa na mtunzaji." Sikuandika kwa uso wa nani. Sikuandika kidole ni cha nani. Nilikiri kosa langu na nikawaacha watu nje ya kadi. Kwa hiyo msimlaumu mtaalamu wenu. Amesoma nilichoandika, na nilichoandika kinamwambia abandue.

Bibi Anjelina alikwisha kutangulia, na Mzee Issa naye. Yule mwalimu alihamishwa, sijui aliko. Nimebaki mimi na hili daftari.

Neema, chukua ile kadi. Usifute mstari wangu, uache, nao ni historia. Chini yake andika kwa mkono wako: chale za usoni zimefuatwa kwenye uso wa Anjelina, binti wa mchongaji, aliyechanjwa kama mama yake. Aliyezibandika ni Issa, mlinzi. Mstari wa chini wa shavu la kushoto ameubandika binti mwenyewe, na kidole ni chake. Halafu andika jina langu kamili kwamba nimethibitisha, nami nitakuja Jumatatu asubuhi kutia sahihi mbele ya huyo mtaalamu.

Vumbi lifuteni kwa brashi laini, kavu, mkianzia kwenye nywele kushuka chini. Mkifika shavu la kushoto, inueni brashi.